Malkia Udayamati na kisima chenye kilifichwa na udongo

Ukikaribia kisima cha Patan, katika jimbo la Gujarat, magaribi ya India, kwanza hauoni kitu. Kuko majani, miti kidogo, uwanja sawasawa. Hakuna munara wala paa. Kiisha udongo unafunguka mbele ya miguu na macho yanashuka: ngazi, nguzo za majiwe, ngazi tena, nguzo tena, mupaka zaidi ya mita 20 chini. Ni kama mutu alichukua hekalu la etaje nyingi, akalipindua kichwa chini na kulipanda katika udongo.

Wakaaji wa pale wanakiita Rani ki Vav, ni kusema, kisima cha malkia. Malkia mwenyewe aliitwa Udayamati. Aliishi katika miaka ya 1000. Alikuwa bibi ya mufalme, mama ya mufalme, na nyanya ya mufalme mwenye anajulikana kuliko wote katika historia ya Gujarat. Lakini waandishi wa zamani, wenye waliandika kurasa na kurasa juu ya wale wanaume watatu, yeye walimupatia mistari michache tu. Mustari moja kati ya hiyo ndio uliokoa jina lake, na tutauona mbele.

Binti wa Saurashtra

Udayamati alitoka Saurashtra, ile sehemu ya Gujarat yenye inaingia baharini kama mukono. Baba yake aliitwa Khengara, na alikuwa mutu wa ukoo wa utawala. Udayamati aliolewa na Bhima wa Kwanza, mufalme wa ukoo wa Wachaulukya, wenye watu wengi leo wanawaita Wasolanki. Kiti chao kilikuwa Patan. Wakati ule muji uliitwa Anahilapataka, na ulikuwa kando ya muto Saraswati.

Bhima alianza kutawala karibu mwaka wa 1022, na hakupewa muda wa kupumua. Mwisho wa mwaka wa 1025, Mahmud wa Ghazni alitoka upande wa Afuganistani na jeshi lake, akavuka jangwa. Alikuwa anatafuta hekalu la Somnath, kwenye pwani, lenye utajiri wake ulikuwa unasemwa mbali sana. Patan ilikuwa kwenye njia yake. Bhima hakuwa na nguvu ya kumuzuia. Alikimbilia ngome ya Kanthkot, katika eneo la Kutch. Mwanzo wa mwaka wa 1026 hekalu liliporwa na kubomolewa. Wakati Mahmud alirudi kwao, Bhima naye alirudi Patan na kuanza upya.

Inashangaza vile inchi yenye ilitoka kuporwa namna ile ilianza kujenga bila kukawia. Ni katika utawala wa Bhima ndipo hekalu la Jua lilijengwa kule Modhera, na mbele yake kuna bwawa kubwa la ngazi, limezungukwa na vihekalu vidogo vidogo. Mwaka wa 1031, Vimala, mutumishi mukubwa wa Bhima, alijenga hekalu la Wajaini la majiwe meupe kwenye mulima Abu, na mupaka leo watu wanatoka inchi za mbali kuja kuliangalia. Kwa hiyo, nyumba ya kifalme yenye Udayamati alikuwa ndani yake ilikuwa inajua mafundi wa kuchonga majiwe. Wakati saa yake ya kujenga ilifika, hakuhitaji kuwatafuta mbali.

Maji yalikuwa jambo la kila siku. Katika Gujarat mvua inanyesha miezi michache tu, tangu mwezi wa 6 mupaka mwezi wa 9 hivi. Miezi yenye inabakia ni jua na vumbi. Mvua ikikosa mwaka moja, mashamba yanakufa. Ikikosa miaka miwili, watu wanahama.

Kuko habari yenye Merutunga, mutawa wa dini ya Wajaini, aliandika mwanzo wa miaka ya 1300. Anasimulia kwamba mwaka fulani wa Bhima mvua ilikosa, na wakulima walishindwa kulipa sehemu ya mavuno yenye ilikuwa ya mufalme. Watumishi wa kodi wakawaleta Patan. Mutoto wa mufalme, Mularaja, aliwaona, akaumia moyo. Siku moja alipanda farasi mbele ya baba yake kwa ufundi wa ajabu, na baba akafurahi, akamwambia aombe zawadi yenye anataka. Kijana hakuomba zahabu wala farasi. Aliomba wale wakulima wasamehewe kodi, na baba akakubali. Siku chache nyuma ya pale kijana akafa. Mwaka wenye ulifuata mavuno yalikuwa mengi, na wakulima wenyewe wakaleta kodi ya miaka miwili pamoja. Bhima akakataa kupokea ile ya mwaka wa njaa, na mwisho mali ile ikatumika kujenga hekalu kwa kumukumbuka kijana.

Merutunga aliandika zaidi ya miaka 200 nyuma ya mambo hayo, tena alipenda hadisi zenye kufundisha, kwa hiyo kila kitu si cha kumeza nzimanzima. Lakini hadisi hiyo inaonyesha kitu chenye watu wa Patan walikumbuka juu ya wakati ule: ukame, kodi, na nyumba ya kifalme yenye ilikuwa inaangaliwa na watu wenye kiu.

Kushuka kutafuta maji

Bhima alikufa karibu mwaka wa 1064. Karna, mwana wa Udayamati, akakaa kwenye kiti cha baba. Ni katika muda huo, karibu mwaka wa 1063 ao nyuma kidogo, ndipo kazi ya kisima ilianza. Inasemwa kwamba ilichukua miaka kama 20. Udayamati alikijenga kwa kumukumbuka bwana yake.

Mutu anaweza kuuliza: kama ni ukumbusho, juu ya nini hakujenga hekalu ao kaburi la fahari? Kwa Wahindu wa wakati ule, kupatia watu maji kulikuwa tendo kubwa la dini, na faida yake ilikuwa inamufikia marehemu. Kila mutu mwenye anakunywa anakuwa kama amemuombea. Hekalu mutu anaingia akiwa na sadaka. Kwenye kisima anakuja na mutungi mutupu na kutoka umejaa. Udayamati alichagua vizuri.

Sasa, juu ya nini ngazi? Kisima cha kawaida kinatumia kamba na ndoo. Wakati wa mvua maji yako karibu, kamba fupi inatosha. Wakati wa jua kali maji yanashuka ndani ya udongo, mita nyingi, na kuvuta ndoo kunakuwa kazi ya kuvunja mugongo. Mafundi wa Gujarat walipata jibu lingine: wacha maji yashuke, na mutu ashuke pamoja nayo. Walichimba shimo la kisima lenyewe, kiisha wakachimba njia ndefu ya ngazi yenye inaanza juu na kuteremka polepole mupaka kwenye maji. Mvua ikinyesha, maji yanapanda na kufunika ngazi za chini. Mutu anachota karibu. Jua likikaza, maji yanarudi nyuma, ngazi zinaonekana moja moja, na mutu anateremka zaidi. Hakuna mwezi wenye unamukuta bila njia. Visima vya namna hiyo vilikuwa vingi katika Gujarat na Rajasthan. Cha Udayamati kilivipita.

Urefu wake ni kama mita 64, upana mita 20, na kushuka ni mita 27 hivi. Mulango uko upande wa mashariki, na shimo la kisima liko mwisho, upande wa magaribi. Shimo hilo ni la muviringo: upana wake mita 10, na linaingia chini mita 30. Mbele yake kuko birika la pembe ine, karibu mita 9 na nusu kila upande. Kati ya mulango na birika, ngazi zinapita katika etaje saba.

Kuchimba namna hiyo kando ya muto ni hatari. Udongo wa pale ni wenye muto ulileta, laini, na ukikatwa unataka kuanguka ndani. Kuta mbili za pembeni zinasukumwa na udongo kila siku. Basi mafundi waliweka, hatua kwa hatua katika ile njia, vibaraza vya nguzo vyenye vinasimama kutoka ukuta moja mupaka mwingine. Muteremukaji anaviona kama mahali pa kupumzika kivulini, na ni kweli watu walipumzika pale. Lakini kazi yao kubwa ni kusukuma kuta zisikutane. Kadiri unashuka, ndivyo kibaraza kinapata etaje nyingi, maana kuta nazo zinakuwa ndefu. Nguzo zilikuwa zaidi ya 200. Hata wakati jua la juu linachoma, kule chini kunabaki baridi.

Na ukuta wenyewe, karibu hakuna mahali pamebaki patupu. Sanamu kubwa zinapita 500, na ndogo zinapita 1000. Nyingi ni za Vishnu, mungu mwenye Wahindu wanasema anachunga dunia, na sura zake mbalimbali: Varaha, mwenye kichwa cha nguruwe, mwenye aliinua dunia kutoka ndani ya maji, Narasimha, nusu mutu nusu simba, Rama, hata Budha anahesabiwa pale. Hilo ni jambo la kuangalia, kwa sababu ukoo wa Bhima ulikuwa unamutumikia zaidi Shiva, mungu wa Somnath. Katika shimo la kisima, Vishnu amechongwa akilala juu ya nyoka Shesha mwenye vichwa vingi, na hadisi ya Wahindu inasema nyoka huyo anaelea juu ya bahari ya mwanzo. Mutu mwenye alishuka kuchota maji alikuwa anamukuta mungu amelala juu ya maji, mbele ya maji ya kweli.

Kati ya miungu hiyo wamejaa wanamuke: moja anajiangalia katika kioo, moja anapaka rangi kwenye midomo, mwingine anakamua maji katika nywele zake. Kisima kilikuwa mahali pa wanamuke, maana ndio walikuwa wanabeba mitungi, na mafundi walichonga wenye watashuka pale kila asubui. Kuko pia kuta zenye mapambo ya maua na miraba, yenye yanafanana na vitambaa vya hariri vya patola, vyenye Patan inajulikana navyo mupaka leo. Ni wafanya biashara wa Gujarat hiyohiyo, na vitambaa vyao, ndio kwa miaka mingi walivuka bahari mupaka Zanzibar na Mombasa. Na kutoka lugha za India, Kiswahili kilipata maneno kama gari na chapati.

Mama mukwe mwenye hakukubali

Wakati majiwe yalikuwa yanachongwa, Udayamati hakukaa kando kama mujane wa kuhurumiwa. Alikuwa mama ya mufalme, na neno lake lilikuwa na uzito.

Merutunga anasimulia kwamba binti wa kifalme mwenye kuitwa Mayanalla, kutoka ukoo wa Wakadamba wa kusini, aliletwa Patan ili aolewe na Karna. Karna alimuona, akasema hana sura nzuri, akakataa. Binti alikuwa ametoka mbali, na kurudi kwao ilikuwa haya kubwa. Alikuwa tayari kufa pale. Udayamati alisimama upande wa binti. Alisema kama binti huyo anakufa, yeye pia atakufa naye. Karna alishindwa na mama yake, akamuoa Mayanalla. Bado alimuacha pembeni kwa muda, mupaka waziri moja alitumia ujanja wa kuwapatanisha.

Kutoka ndoa hiyo yenye ilianza kwa nguvu alizaliwa Jayasimha, mwenye aliitwa Siddharaja, na katika mikono yake ufalme wa Patan ulifika mbali kuliko wakati wowote. Kama mama mukwe angenyamaza, mufalme huyo hangezaliwa. Mayanalla mwenyewe, mwenye watu wa Gujarat wanamuita Minaldevi, alifuata njia ya Udayamati: mupaka leo mabwawa na visima kazaa vya Gujarat vinasemwa ni kazi yake.

Lakini nyumba ya Udayamati ilikuwa pia na aibu yake. Ndugu yake, Madanapala, alitumia jina la dada kwa kunyanyasa watu. Merutunga anaandika kwamba alimunyanganya muganga wa nyumba ya kifalme pesa 32,000. Mwisho waziri Santu alipanga mambo, na Madanapala akauawa. Ni ugonjwa wa tawala nyingi: ndugu ya mukubwa anajiona yeye ndiye mukubwa.

Jayasimha, mujukuu, alikuwa mufalme tangu mwaka wa 1092 hivi mupaka karibu 1142. Naye alitaka kuachia Patan maji. Alitengeneza bwawa kubwa sana, Sahasralinga, lenye mifereji ya kuingiza maji ya muto Saraswati na mahekalu madogo ya Shiva kandokando. Ilikuwa kazi ya fahari, na washairi wa kwake waliisifu. Basi hapa ndipo mustari wa Merutunga unaingia. Aliandika kwamba Udayamati, binti wa Khengara, alijenga kisima katika Patan chenye utukufu wake ulipita ule wa Sahasralinga. Ni hivyo tu, hakuongeza. Lakini alikuwa ametaja jina la mujenzi, ukoo wake na muji.

Muto unarudi

Wakati Merutunga alikuwa anaandika, Patan ilikuwa imevunjika. Majeshi ya sultani wa Delhi, Alauddin Khalji, yalikuwa yamechukua Gujarat, na ufalme wa kule ukaisha. Muto nao ulikuwa umegeuka. Saraswati ilifurika, ikamwaga mchanga na matope ndani ya kisima, kiisha yenyewe ikahama na kukauka. Mafuriko kwa mafuriko, ngazi zilifunikwa, kibaraza cha chini kikafunikwa, kile cha juu yake pia. Udongo ukafika karibu na juu. Watu wakaanza kupita pale bila kujua nini iko chini.

Sehemu yenye ilibakia inje ndiyo iliteseka. James Tod, ofisa Muingereza mwenye alipita Gujarat miaka ya 1820, aliandika kwamba majiwe ya kisima cha malkia yalitumiwa kujenga kisima kingine katika muji. Mwisho wa miaka ya 1800, wataalamu wa vitu vya zamani James Burgess na Henry Cousens walifika. Walikuta shimo kubwa, kipande cha ukuta wa kisima, na nguzo kidogo zenye zilikuwa zinatokeza kichwa. Majiwe ya juu yaliibwa ao kuvunjika. Ya chini, hakuna mutu aliyagusa, maana hakuna mutu aliyaona. Matope yenye yaliua kisima ndiyo yaliyachunga.

Miaka ya 1940 serikali ya Baroda ilianza kuchimba. Kazi kubwa ilikuja nyuma, miaka ya 1980, chini ya idara ya serikali ya India yenye inashugulika na majengo ya zamani. Walitoa udongo kidogo kidogo, etaje kwa etaje, na sanamu zikaanza kutokea na sura zao, vidole, hata shanga za shingo, kama fundi aliziacha jana. Katika udongo huo walipata pia sanamu ya mwanamuke moja mwenye si mungu wala muchezaji: Udayamati mwenyewe.

Pale ndipo mustari wa mutawa ulitumika. Bila Merutunga, wachimbaji wangekuwa na kisima kikubwa na sanamu ya malkia tu, bila kujua ni binti wa nani, ni kazi ya nani.

Mwezi wa 6 mwaka wa 2014, UNESCO iliingiza kisima katika orodha ya urizi wa dunia. Hakitoe tena maji ya kunywa. Muto wenye ulikuwa unakilisha ulienda zamani. Wenye wanashuka sasa ni wageni na wanafunzi wa masomo, wanateremka na simu za kupiga picha, na wale wa Patan wanaendelea kuwasimulia kwamba chini kuko mulango wa njia ya siri yenye wafalme walipitia kukimbia vita.

Mwaka wa 2018, benki kuu ya India ilitoa noti mupya ya rupia 100, ya rangi ya zambarau. Upande moja kuko sura ya Gandhi. Upande wa nyuma kuko kisima cha Patan, na chini ya picha kumeandikwa maneno matatu, Rani ki Vav, kisima cha malkia. Jina lenyewe la Udayamati halikuandikwa.